Mkwe Aliyechorwa Ukutani

Damari ana ubaya mmoja: akikutazama, ujue umekwisha. Hatazami sura. Anatazama kile unachokificha, halafu anakwenda kukichonga kwenye kipande cha mpira wa sakafu, anakipaka wino mweusi, analaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Kesho yake unajikuta barazani kwake, umening'inia kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na wapita njia wanakucheka. Hakuandiki jina. Ila mtaa mzima wanakujua.

Mimi ni jirani yake. Naitwa Mwantumu, Mama Farhan ukipenda, nauza viungo na ubani karibu na soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Babu yangu alitoka Lindi na biashara zake, akaoa huku, hakurudi. Kwa hiyo Mbeya ni kwetu, lakini mila za wenyeji wangu bado nazitazama dirishani, na nyingine zinanichoma roho. Hii nitakayoisimulia bado inanichoma.

Kwanza mjue picha zake. Kuna ile ya benchi la kliniki: watu wamebanana bega kwa bega, mmoja amekohoa, na wengine wote wamegeuza shingo upande wa pili kwa adabu kama hawakusikia, kumbe kila mmoja amebana pumzi. Kuna ya mama kwenye kicheni pati. Wigi linamuwasha, na kwa kuwa hawezi kujikuna mbele za watu, anajipigapiga kichwani huku anatabasamu. Kuna ya mzee wa kanisa aliyebanwa na haja ndogo katikati ya mahubiri, miguu ameikunja kama mkasi. Hiyo ukiiona unacheka mpaka unashika ukuta, halafu unanyamaza, maana macho ya yule mzee hayachekeshi hata kidogo. Yanaomba mtu amsaidie.

Kazi hiyo aliipata kwao Ipogolo, Iringa, kwa sista mmoja aliyewafundisha wasichana kuchapa kadi za Krismasi. Sista alitaka Yosefu mtakatifu. Damari akamchongea Yosefu mwenye uso wa mwanamume aliyeambiwa vyumba vimejaa huku mke ameshikwa na uchungu. Sista akasema kadi hiyo itawatia watu simanzi wakati wa sikukuu. Wakaachana kwa wema, Damari na kisu chake kidogo alichotengeneza kwa spoku ya mwavuli.

Akaolewa na Brayson, Mnyakyusa, dereva wa kombaini, anayeshinda mashamba ya mpunga ya Madibira na Rujewa msimu wote wa mavuno. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Damari ilionekana siku ya kwanza alipopelekwa ukweni, huko juu ya Tukuyu. Damari ni Mhehe. Kwao binti aliyelelewa vizuri akimwona mkubwa anapiga goti, anampokea mkono kwa mikono yake miwili, anasema kamwene. Basi akanyoosha moja kwa moja hadi kwa baba mkwe wake, Mzee Ezekia, mbele ya ukoo mzima, akapiga goti, akamshika mkono.

Kwa Wanyakyusa wa ukoo ule, mke wa mtoto hamgusi baba mkwe. Hamtazami usoni, hasemi naye, jina lake halitamki. Akisikia kikohozi chake anajificha, na wakikutana njiani anaingia porini mpaka apite. Wengi siku hizi wameilegeza mila hiyo, wanasalimiana na wakwe zao na maisha yanaendelea. Ukoo wa Mzee Ezekia haukulegeza hata uzi mmoja. Mzee alichomoa mkono kama aliyeshika kaa la moto, akaingia ndani, hakutoka mpaka wageni wakaondoka. Mashangazi wakamweka Damari kitako, wakamweleza. Aliniambia alitamani ardhi ipasuke immeze.

Hakukosea tena. Kwa miaka yote iliyofuata akawa mkwe wa mfano, kanga kichwani mpaka puani, mwepesi wa kutoweka. Mtoto hawakujaliwa, nalo wakawa wanalisema pembeni, lakini kwa heshima hakuna aliyemkuta na doa.

Mwaka jana mama mkwe alifariki, na haukupita muda Mzee Ezekia akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa, mkono na mguu, mdomo ukavutwa. Brayson akamleta Mbeya awe karibu na hospitali, akampa chumba cha mbele. Alinanuswe, mdogo wake Brayson, akaja kumuuguza: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza. Damari kazi yake ilikuwa kupika, kuweka sahani mlangoni, kugonga na kukimbia. Nyumba yenyewe ndogo, na humo ndani watu wazima wawili wanakwepana kama wanacheza kombolela. Nilikuwa nacheka, nisifiche. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka.

Mavuno yakafika, Brayson akaenda Madibira. Kisha Alinanuswe akaaga anakwenda Tunduma kufuata mzigo, anarudi karibuni, na simu yake ikazimwa. Nyumba ikabaki na mgonjwa asiyeweza kujigeuza na mwanamke asiyeruhusiwa kumwona.

Nikasema haiwezekani mtu alale njaa mimi nipo. Mgeni njoo mwenyeji apone. Nikawa napita asubuhi kabla ya kufungua duka na jioni nikishafunga, namlisha uji na ndizi zilizopondwa. Mzee alikula kwangu. Alikuwa hanitazami sana, mwanaume wa watu, lakini alikula, na mimi nikawa namsemesha habari za sokoni mpaka bakuli linaisha. Kumwogesha hakukubali. Alikuwa anajivuta mwenyewe kwa mkono mzima mpaka bafuni, anashika ukuta, anashika kiti. Nilijua ipo siku ataanguka, nikampigia Brayson nikamwambia hivyo hivyo. Akasema anakuja.

Akaanguka mchana, mimi niko dukani nimezungukwa na wateja. Damari alisikia kishindo, kisha akasikia mzee anaunguruma. Akanipigia, nikafunga duka nikatoka mbio. Lakini hakuweza kuningoja, maana mzee alikuwa uchi, amejichafua, sakafu ya saruji na baridi ile ya Juni ya Mbeya inayoingia mpaka kwenye mifupa. Akavua kanga yake, akaifunga machoni, akaingia kwa kupapasa. Akamkuta kwa sauti. Akamwinua, akamwegemeza ukutani, akachota maji ya moto, akaanza kumwosha bila kumwona.

Nilipofika, sabuni imempanda mpaka viwikoni, kanga imefunga macho, na Damari anasugua mguu wa kiti kwa bidii yote, akidhani ni mguu wa mtu. Mzee amekaa kando, nusu yake ina mapovu, nusu kavu, anatetemeka. Ningecheka kama nisingemtazama usoni. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu kama mtoto anayengoja sindano, na machozi yanapita.

Tangu siku hiyo Mzee Ezekia alifunga mdomo. Aligeukia ukutani akafunga mdomo kwa kila mtu, mimi nikiwemo. Kijiko kikigusa midomo, anabana meno. Maji hataki. Tukampeleka hospitali, wakamwekea dripu, akapata nguvu kidogo, wakaturudisha nyumbani. Daktari alisema mwili haujakataa, aliyekataa ni mwenyewe. Brayson kwenye simu akawa analia, anasema mpunga umekauka, ukipukutika wenye mashamba watamla nyama, anamaliza anakuja. Alinanuswe hakupatikana.

Damari alikonda kuliko mgonjwa. Alikuwa anakaa nje ya mlango wa chumba kile, mgongo ukutani, bakuli la uji mapajani, uji unapoa, anaupasha, unapoa. Nikamwambia ale yeye basi. Akanitazama kwa macho yale yake.

"Mama Farhan, baba anakufa kwa kunionea aibu mimi," alisema. "Siku ya kwanza kosa langu lilikuwa kumshika. Sasa kosa ni kutomshika. Nifanye nini mimi?"

Nilikuwa na hasira tu, nikaimwaga yote juu ya mila, na kombaini, na watoto wa kiume wanaozaliwa kwa shangwe halafu siku ya kinyesi hawaonekani. Hasira yangu haikumnywesha mzee hata kijiko kimoja.

Kesho yake nilimkuta barazani anachonga. Nilidhani amechanganyikiwa. Amekata kipande kikubwa cha mpira, anapiga kisu bila kuchora kwanza, vipande vinaruka mpaka kwenye nywele. Alipochapa akanionyesha. Ni ile siku ya bafuni. Mwanamke amefungwa macho kwa kanga, ulimi nje kwa juhudi, anausugua mguu wa kiti mpaka kiti kinatoa mapovu. Kando yake mzee amekaa, amejifunika taulo vizuri, kamchora ana heshima zake zote, anakitazama kile kiti kwa wivu. Kiti kimetakata. Yeye bado anangoja.

Nikamwambia mtu huyu anakufa kwa aibu na wewe unamchora? Ukoo wakiiona hii watakufukuza na kanga yako hiyo. Akasema mzee amelala siku zote hizi analiona bafu lile lile, na kila akiliona anajiona yeye tu, uchi. Hajui kwamba mwenzake pale alikuwa kituko kuliko yeye. Basi amwone na mwenzake. Akaniomba niibandike ukutani, pale pale mzee anapogeuzia uso, kwa kuwa yeye kuingia haruhusiwi.

Mungu anisamehe, niliibandika. Nilipaka uji mzito nyuma ya karatasi, nikamnyatia mzee akiwa amesinzia, nikaipachika mbele ya pua yake. Kisha nikakaa kwenye kigoda nikaanza kusoma dua zote nizijuazo. Damari alisimama mlangoni, ametupa mgongo, kanga usoni.

Mzee alifumbua macho. Akaitazama. Sikuona kitu usoni mwake, maana kiharusi kilikuwa kimechukua nusu na ukaidi umechukua iliyobaki. Aliitazama muda mrefu. Kisha kifua kikaanza kuruka na koo kutoa sauti kama ya mlango mkavu, nikaruka nikidhani roho inatoka. Nikamshika bega. Mzee alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka palepale, huwezi kujua lipi limemzidi lipi.

Akasema kitu. Maneno yake yalikuwa yanavujia upande mmoja, nikamwomba arudie.

"Mwambie huyo," alisema. "Mkono siyo hii. Iliyokufa ni ya kulia."

Nikatazama. Kweli, kwenye picha mkono uliolegea ulikuwa wa kushoto. Mchongaji wa vibao huchonga kinyume, maana karatasi hugeuza kila kitu, na Damari alijua hilo tangu usichana. Lakini siku ile kwa kuchanganyikiwa alichonga kama alivyoona. Nikageuka kupeleka ujumbe, hatua mbili mpaka mlangoni, kwa mtu aliyekwisha kuusikia. Damari akaniambia nimwambie baba kwamba mkwe wake amekosea, asamehewe, atachonga upya. Nikarudi kitandani kuusema huo nao. Nilikuwa daraja la kijinga kuliko yote duniani, na nilikuwa nalia.

Mzee akaigeukia picha tena. Halafu akasema, na safari hii hakusema nimwambie nani.

"Atakosea tena kama hatazami. Aje na maji. Atoe hiyo kanga, anitazame vizuri."

Damari aliingia na bakuli la maji. Kanga aliitoa kichwani akaishika mkononi, hajui aiweke wapi. Akakaa kitandani, akachota maji kwa kijiko kile kile cha kusugulia picha, maana ndicho kilichokuwa karibu, akamtazama baba mkwe wake usoni. Naye akamtazama. Kisha mzee akafungua mdomo.

Ikawa hivyo. Asubuhi uji, mchana supu, jioni maziwa, vyote kwa mkono wa Damari, na kila mara mzee anauliza kibao kipya kimefika wapi, kana kwamba anakula kwa ajili ya mchoro tu. Ilikuwa njia yao ya kuipita mila, na wote wawili walijua. Alimwogesha akiwa na macho wazi. Mficha uchi hazai, nikawaambia, na mzee akacheka kile kicheko chake cha mlango mkavu. Siku moja nikiwa pale alimshika Damari kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima.

"Ndaga, mwanangu," alisema. Maana yake asante. Kisha akaongeza, taratibu, ili asikosee: "Kule nyumbani wasijue. Wataniona mimi siyo mtu."

Damari akaitikia kwa kichwa.

Lakini siku zile za kufunga mdomo zilikwisha kufanya kazi yake. Kifua kilijaa. Tulirudi hospitali, wakatupa dawa, dawa zikachelewa. Mzee Ezekia alikata roho asubuhi, jua limeshatoka, amelala kwenye mkono wa Damari, na tone la mwisho la maji alilomeza lilitoka kwenye kijiko chake. Mimi niliona kwa macho yangu haya.

Damari hakupiga yowe kwanza. Alimlaza, akamfumba macho, akabandua picha ukutani kwa maji, pole pole, akaisokota. Kibao kipya alikuwa amekimaliza jana yake, bado hakijapakwa wino: mzee na mkwe wake uso kwa uso, mkono wa kulia ndio uliolegea, na mzee amekunja pua kwa uji wa moto. Nilimwomba, nikamsihi, achape moja tu, nitaificha dukani chini ya magunia ya karafuu, hataiona mtu. Akasema kibao kikiwepo, picha ipo. Akakikatakata kwa kisu chake vipande vidogo, akavitia kwenye jiko la mkaa pamoja na kibao cha kwanza na ile picha ya ukutani. Moshi wa mpira ulitukaba mpaka tukatoka nje. Ndipo akapiga yowe.

Brayson alifika na vumbi la mpunga bado kwenye nyusi, akajitupa chini. Alinanuswe naye alipatikana, sijui alitokea wapi. Tukapanda wote mpaka kwao kwa mazishi. Wazee wa ukoo wakakaa kikao, na kama ilivyo desturi yao wakataka kujua marehemu aliuguzwa na nani, nani alimpa maji ya mwisho, ili ashukuriwe mbele ya watu. Niliwasikia mashangazi wakinong'ona nyuma yangu kwamba isije ikawa yule Mhehe alimgusa tena. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno mazuri nimeyapanga tangu njiani.

Damari aliniwahi. Alikuwa amemwita mumewe pembeni, kanga mpaka puani, akamwambia la kusema, na Brayson akaja akasimama mbele ya wazee, akasema ni Mama Farhan, jirani. Ndiye aliyemlisha baba, ndiye aliyemwosha, na maji ya mwisho ni ya mkono wake. Nikamtafuta Damari kwa macho. Alinitazama kwa ule mtazamo wake wa kumaliza watu, akatikisa kichwa mara moja, hapana.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Lakini mwosha naye ana aibu yake, na hiyo hakuna anayeiuliza.

Mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akaniambia ndaga fijo, mama, ukoo huu hautakusahau. Wanawake wakanifunga kitenge kipya kiunoni. Mashangazi wale wale wakanipigia vigelegele vya chini chini vya msibani, wakanishika mkono mmoja mmoja, wakanikalisha mstari wa mbele kwenye kiti chenye mto, mimi Mwislamu wa Mwanjelwa, miongoni mwa wazee wa kanisa. Nikakaa. Sikujua mikono niiweke wapi, nikaiweka mapajani, nikaiona jinsi ilivyo safi.

Ikatangazwa kwamba wake wa watoto wabaki jikoni, wasisogee kaburini. Kwaya ikaanza. Jeneza lilipokuwa linashushwa niligeuza shingo bila kujali watu. Kule nyuma ya nyumba, kwenye moshi, Damari alikuwa ameinamia sufuria kubwa ya wali, anageuza kwa mwiko mrefu kwa mikono miwili, na alikuwa ameupa mgongo upande wa kaburi kama alivyofundishwa.